Kura Zilizonunua Shule: Siku Moja katika Kaunti ya Macon, Alabama

Ukitoka Georgia kwa barabara kuu namba 85 ukavuka mto Chattahoochee, unaingia Alabama na saa inarudi nyuma. Tuliondoka Atlanta saa moja asubuhi, mimi na binti yangu wa darasa la sita. Tulivuka mto saa mbili na robo, mara simu ikasoma saa moja na robo. Binti akafurahi kwamba tumepewa saa nzima ya bure. Nikamwambia tutaihitaji, maana tunakokwenda ni padogo kwenye ramani ila pana mambo mengi.

Chanzo cha safari ni karanga. Kila Februari shule za huku huadhimisha historia ya Wamarekani Weusi. Mwaka huu kila mtoto wa darasa lao alipewa mtu mmoja wa kumwandikia ripoti, na yeye akampata George Washington Carver, mtaalamu wa kilimo. Akarudi nyumbani ananiambia, "Baba, huyu ndiye aliyevumbua siagi ya karanga."

Mimi ni mtoto wa Kongwa. Babu yangu alipata kibarua kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 kwa matrekta ya kung'oa mapori na mibuyu, ukafutwa 1951. Udongo wetu ukikauka unakuwa kama saruji, na hakuna mtaalamu aliyewauliza Wagogo kabla ya kuleta mashine. Nimekua nikisikia habari za karanga zilizoshindikana. Kwa hiyo nilipojua kwamba Carver alifanya kazi yake kubwa Macon, mwendo wa saa mbili tu kutoka tunapoishi, nikasema twende tukauone udongo wake.

Macon ni kaunti, sisi tungesema wilaya. Hesabu ya watu ya 2020 ilikuta hawafiki 20,000, na wanane kati ya kila kumi ni Weusi. Barabara zake zinapita kwenye misonobari na malisho, kanisa hapa, nyumba ya mbao pale. Makao makuu yake ni mji wa Tuskegee, jina lililotoka kwa kijiji cha watu wa Creek waliokuwa wenyeji hapo. Mwaka 1832 watu hao walitia saini mkataba na serikali ya Marekani. Waliachia nchi yao, na kila mkuu wa familia akaahidiwa kipande chake cha ardhi cha kubaki nacho. Kaunti ikaundwa mwaka huohuo. Walanguzi wakawalaghai vipande vile, na ilipofika 1836 wenyewe wakaswagwa kwa nguvu kwenda magharibi, pamba na watumwa wakaingia mahali pao.

Naanza na mkataba huo kwa sababu siku ile nzima, kila tuliposimama, nilikutana na mapatano ya namna hiyo: mtu mnyonge anatoa alichonacho, mwenye nguvu anaahidi kitu.

Watu wengi huianza historia ya Tuskegee na Booker T. Washington. Mimi naianza na Lewis Adams. Alizaliwa mtumwa, akawa fundi bati, fundi viatu na mshonaji wa hatamu za farasi, na alijua kusoma na kuandika bila kukaa darasani hata siku moja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha na Weusi wakapata haki ya kupiga kura, mtu wa aina hiyo ndiye aliyesikilizwa mjini. Mwaka 1880 mgombea mmoja Mzungu, W. F. Foster, aliyekuwa anautaka useneta wa jimbo, akamwendea Adams: nikupe nini ili watu wako wanipigie kura? Adams angeweza kuomba fedha, au cheo chake mwenyewe. Aliomba shule.

Foster akashinda, na safari hii ahadi ikatimizwa. Mwanzoni mwa 1881 bunge la Alabama likapitisha dola 2,000 kwa mwaka za mishahara ya walimu. Kiwanja hakikuwemo, jengo halikuwemo, hata dawati moja. Barua ikaandikwa kwa mkuu wa chuo cha Hampton kule Virginia kuomba mwalimu mkuu, na walioiandika walitarajia kuletewa Mzungu. Wakaletewa kijana Mweusi wa miaka 25, naye ndiye Washington.

Shule ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1881 ikiwa na wanafunzi 30, kwenye kibanda kando ya kanisa. Paa lilivuja. Mvua ikinyesha, mwanafunzi mmoja alisimama na kumshikia mwalimu mwavuli ili somo liendelee. Baadaye wakanunua shamba la pamba lililotelekezwa, ekari 100 kwa dola 500, nusu yake ya kukopa, wakaamua kujenga kwa matofali ya mikono yao.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu matofali nayajua. Kwetu mtu akitaka kuoa anafyatua matofali kwanza. Nimekesha kwenye tanuri na wajomba zangu, tunachochea kuni na kuziba nyufa kwa udongo, maana moto ukitoroka usiku mmoja kazi ya mwezi imekwenda. Wanafunzi wa Tuskegee walifyatua matofali tope likiwafika magotini, na baadhi yao wakaacha shule kwa kuichukia kazi hiyo. Tanuri la kwanza, la matofali kama 25,000, halikuiva. La pili likaharibika. La tatu lilikuwa limebakiza saa chache tu, likaporomoka usiku wa manane. Walimu wakamshauri Washington aache. Yeye akachukua saa yake ya mfukoni akaenda nayo Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15, akarudi kujenga tanuri la nne. Lile likaiva. Muda wa rehani ukapita kabla hajapata fedha za kuikomboa saa, na hakuiona tena.

Shule ile ikaja kuwa chuo, na chuoni nilitafuta ukuta wa zamani nikauwekea kiganja. Matofali hayakulingana rangi: moja jekundu la kuiva vizuri, jirani yake limeunguzwa hadi likaingia weusi, jingine lina kingo zilizolika kama mkate. Binti yangu aliniuliza kwa nini nagusa ukuta. Nikamwonyesha lile jeusi: hili lilikaa karibu na mdomo wa tanuri, nikamwambia, mtu alikuwa ameketi hapo na kuni.

Sitamsifu Washington bila kusema upande wa pili. Aliwaambia watu wake waweke mbele kazi na ujuzi, mambo ya siasa wayaache yasubiri, na Wazungu wenye fedha wakampenda kwa hilo. Lakini shule yake ilizaliwa na kura! Mwaka 1901 Alabama iliandika katiba mpya iliyowanyang'anya Weusi karibu wote haki hiyo kwa kodi na mitihani ya kusoma. Kwa siri Washington alitafuta fedha za kesi za kupinga, hadharani akanyamaza. Sina hakika kama mimi ningekuwa na ujasiri zaidi yake mahali pale, wakati ule. Ila najua kilichopotea kilikuwa kitu kilekile Adams alichokifanyia biashara.

Mtindo wake wa elimu ulifika hadi kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika ikiwa na James Aggrey wa Gold Coast, ikipigia debe elimu ya vijijini ya namna ya Tuskegee. Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete ya kufundisha walimu wa kutembelea shule za vijiji. Wakoloni waliipenda elimu hiyo kwa sababu zao, na wazee wengi waliikataa wakidai watoto wasome vitabu kama watoto wa Wazungu. Kiwanja kile leo ni Kenya School of Government. Ukipita Lower Kabete, kumbuka kuna uzi unaofika hadi kwa fundi viatu wa Alabama.

Sasa Carver. Alikuja Tuskegee 1896 akakuta mashamba yamechoka kwa pamba, mwaka hadi mwaka pamba tupu hadi kwenye kizingiti cha mlango. Aliwafundisha wakulima kupanda kunde na karanga ili udongo urudishiwe naitrojeni, na viazi vitamu pia, kisha wale walichovuna. Mwaka 1906 walitengeneza gari la kukokotwa na nyumbu, lililopewa jina la Jesup, mfadhili wa New York. Lilibeba majembe, mbegu na vifaa vya kuonyeshea, likaenda hadi shambani kwa mtu asiyeweza kuja chuoni. Thomas Campbell, kijana wa chuo hichohicho, akaajiriwa na Wizara ya Kilimo kuliendesha: bwana shamba wa kwanza Mweusi wa serikali ya Marekani. Nilisimama nikafikiri juu ya Kongwa. Huku mtu alipeleka nyumbu na mkoba wa mbegu, akaanza kwa kuuliza mkulima ana nini.

Siagi ya karanga hakuivumbua. Ilikuwepo kabla yake, na nilimwambia binti aifute kwenye ripoti. Alichofanya ni kuandika vijitabu vya bei nafuu kwa lugha nyepesi, kimojawapo cha 1916 kikieleza namna 105 za kuandaa karanga kwa chakula, na kutengeneza rangi za kupaka nyumba kutokana na udongo wa Alabama wenyewe ili hata mpangaji wa shamba asiye na senti apate ukuta wenye rangi. Mwaka 1921 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuzungumzia ushuru wa karanga. Alipewa dakika kumi. Alipofungua mkoba wake wakamwongezea muda tena na tena. Amezikwa chuoni jirani na Washington, na kaburi lake linasema angeweza kuongeza utajiri juu ya umaarufu, lakini hakuvijali, akapata furaha kwa kuwa msaada kwa ulimwengu.

Kwenye uwanja wa ndege wa Moton binti yangu ndipo alipochangamka kweli. Marubani wa kijeshi Weusi karibu 1,000 walifunzwa Tuskegee kati ya 1941 na 1946, wakati ambapo wakubwa wa jeshi walidai Mweusi hana akili ya kurusha ndege. Machi 1941 Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alipanda kindege nyuma ya rubani Alfred Anderson akazungushwa angani, walinzi wake wakipinga. Habari zao zimesimuliwa sana, sitazirudia.

Rosa Parks, yule aliyekataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi, naye alizaliwa Tuskegee, 1913. Mwanamuziki Lionel Richie pia, 1949, na alikulia jirani kabisa na chuo. Huyu ana kisa kinachotuhusu: usiku wa kurekodi ule wimbo wa 1985 wa kuwachangia wenye njaa Ethiopia, aliouandika na Michael Jackson, Stevie Wonder alipendekeza mstari wa Kiswahili, hadi ilipokumbushwa kwamba Ethiopia hawazungumzi Kiswahili. Nimewahi kuwaza mstari huo ungesemaje.

Mchana tulikula sandwichi kwenye uwanja wa mahakama, katikati ya mji. Mwaka 1957 Weusi wa Tuskegee walikuwa wameanza tena kujiandikisha, wengi wao walimu wa chuo na wafanyakazi wa hospitali ya maveterani. Bunge la jimbo likaona dalili, likachora upya mpaka wa mji. Mji uliokuwa mraba ukageuzwa umbo la pande 28. Kati ya wapiga kura Weusi wapatao 400 wakabaki wanne au watano, na hakuna Mzungu hata mmoja aliyetolewa. Mtu alilala ndani ya mji akaamka nje ya mji, nyumba yake haijasogea hata hatua moja. Binti yangu alinitaka nimchoree. Nilichora kwenye karatasi ya sandwichi, nikaanza na mraba, nikaukata huku na huku, naye akaniuliza kwa nini hawakuona aibu.

Charles Gomillion, mwalimu wa sosholojia, akaongoza watu kuacha kununua kwenye maduka ya Wazungu mjini, na maduka mengine yakafungwa. Kesi yake, iliyosimamiwa na wakili kijana Fred Gray, ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na Novemba 1960 majaji wote kwa kauli moja wakakataa mpaka ule.

Lakini hukumu ya Washington D.C. haimlindi mtu usiku kwenye kituo cha mafuta. Tarehe 3 Januari 1966 mwanafunzi Sammy Younge Mdogo, umri miaka 21, aliyekuwa amelitumikia jeshi la wanamaji na kuondolewa figo moja, alipigwa risasi akafa baada ya kubishania haki ya kutumia choo cha kawaida. Alikuwa akiandikisha wapiga kura. Desemba mwaka huo wazee wa baraza, wote Wazungu, wakamwachia huru aliyempiga. Wanafunzi waliojaa hasira wakaja hapa uwanjani kwenye sanamu ya askari wa Kusini aliyepigania utumwa, wakampaka uso rangi nyeusi na mstari wa njano mgongoni. Mwezi uliofuata, Januari 1967, Lucius Amerson, askari wa zamani wa miavuli, akaapishwa kuwa sherifu, yaani mkuu wa polisi, wa Macon, Mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo Kusini tangu miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kura zilikuwa zimerudi mikononi mwa watu wa Lewis Adams.

Nilitamani tuishie hapo, tukanunue aiskrimu turudi nyumbani. Lakini nilikuwa nimejiahidi kufika Notasulga, kaskazini mwa kaunti, alikozaliwa mwandishi Zora Neale Hurston mwaka 1891, ingawa yeye mwenyewe alipenda kusema kwao ni Eatonville, Florida, alikokulia. Nje ya mji huo kuna kanisa la Kibaptisti la Shiloh, na jirani yake shule nyeupe ya mbao. Ni moja ya shule karibu 5,000 za watoto Weusi vijijini zilizojengwa kwa mpango wa Washington na tajiri Julius Rosenwald: tajiri anatoa sehemu, serikali sehemu, wanakijiji wanajazia kwa fedha, mbao na nguvu zao. Mtu wa harambee ataelewa mara moja. Mkulima aliyeuza kuku wake ili mwanawe apate dirisha la darasa aliiamini shule hiyo, akaliamini kanisa, akauamini na ule mkono wa chuo uliokuja na gari la mbegu.

Kwa njia hiyohiyo ndipo walipoingia.

Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilikuja Macon kutafuta wanaume Weusi wenye kaswende. Fedha za matibabu zilizokuwa zikitolewa na mfuko wa Rosenwald zilikuwa zimekatika kwa mdororo wa uchumi, na badala ya kutafuta nyingine, madaktari wakaamua kutazama ugonjwa utawafanyaje watu wakiachwa. Waliandikisha kama 600: 399 wenye kaswende, 201 wasio nayo. Makanisa na shule vilikuwa sehemu za kukusanyikia, Shiloh ikiwemo. Waliambiwa wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa bure. Walipotaka kuwatoboa uti wa mgongo kwa sindano, waliwaandikia barua ya kuwaita kwenye nafasi ya mwisho ya tiba maalumu ya bure. Walipewa vidonge visivyotibu, usafiri, chakula cha moto, na ahadi ya fedha za mazishi kama familia itakubali mwili upasuliwe.

Watu wengi, hata wasomi, husema waliambukizwa makusudi kwa sindano. Si kweli. Walikuwa nayo tayari, na waliachwa nayo. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida ya kaswende kufikia 1947, hawakupewa, na madaktari wa eneo hilo walipewa orodha ya majina ili wasiwatibu. Hili lilikwenda miaka 40, hadi Julai 1972 magazeti yalipolianika baada ya mtumishi mmoja wa idara hiyo, Peter Buxtun, kuchoka kulalamika ndani kwa ndani. Mkulima Charlie Pollard alimwendea Fred Gray, yuleyule wa kesi ya mpaka, wakashtaki. Serikali ililipa dola milioni 10 mwaka 1974. Rais Clinton aliomba radhi Mei 1997, na Herman Shaw, mwenye miaka 94, ndiye aliyesimama Ikulu kumkaribisha.

Mtu aliyewaunganisha na madaktari miaka yote hiyo alikuwa muuguzi Eunice Rivers, Mweusi, aliyesomea palepale Tuskegee. Aliwafuata kwa gari lake, akawapeleka kupimwa, akakaa na wake zao siku za misiba.

Makaburi ya Shiloh yako nyuma, chini ya miti. Wengi wa wanaume wale wamelala hapo. Mengine yana mawe ya kuchongwa, mengine ni saruji iliyoandikwa kwa kidole ikiwa bado mbichi, herufi zikipanda na kushuka. Tulitembea polepole tukisoma miaka ya kuzaliwa na kufa. Udongo ni mwekundu kama wa kwetu, ulitushika viatu.

Garini binti yangu hakuwasha simu. Tulipofika barabara ya lami akauliza, "Baba, yule nesi aliwapenda?"

Nikamwambia nafikiri aliwapenda.

"Sasa mbona hakuwaambia?"

Nilisogeza gari pembeni nikalizima. Tulikaa hapo kitambo, malori ya magogo yakitupita.